Mvua imechimba uwanja wangu na fundi anataka kuweka pevingi kote: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tumehamia nyumba yetu Goba, Dar es Salaam, mwaka juzi. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, nyumba ni mita 11 kwa 12. Baraza na sebule vinatazama magharibi kwenye geti, na nyuma ya nyumba zimebaki mita 6 zinazoshuka kama sentimita 90 hadi ukutani. Nje ya ukuta huo kuna njia ya miguu na mtaro wa mtaa. Masika hii iliyoisha maji ya bati yamechimba mfereji huko nyuma mpaka msingi wa ukuta unaonekana. Mbele tulipanda nyasi za Pemba mwaka jana mwezi wa sita, kufikia Agosti zote zilikuwa zimekufa. Jioni sebuleni hapakaliki kwa jua. Fundi anasema tuweke pevingi uwanja mzima tumalize matatizo yote. Tuna watoto wawili wadogo, gari moja, na tunaishi na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Fedha hazitoshi kufanya yote kwa mara moja. Nianzie wapi?

Marahaba, dada yangu. Mwambie fundi asubiri kidogo. Simlaumu, maana pevingi ni kazi anayoijua na mteja huona uwanja umependeza siku ile ile. Lakini shida yako ya kwanza ni maji, na pevingi haipunguzi maji hata tone. Inayapa mbio.

Tupige hesabu pamoja. Milimita 1 ya mvua ikishuka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kiwanja chako kina mita za mraba 500. Siku ya masika ikinyesha milimita 50, na Dar es Salaam siku za namna hiyo tunazijua, ndani ya ukuta wako zimeshuka lita 25,000. Ni ndoo kubwa 1,250 kwa siku moja. Paa lako, ukijumlisha na sehemu ya bati inayotokeza nje ya kuta, ni kama mita za mraba 160, kwa hiyo peke yake linapokea lita 8,000. Hizo ndizo zilizochimba mfereji wako, kwa sababu bati huyakusanya maji yaliyotawanyika na kuyamwaga kwenye mstari mmoja chini ya ukingo wa paa. Ardhi iliyo wazi inakunywa sehemu ya maji yaliyobaki. Ukiifunika yote, karibu kila ndoo itakimbilia nyuma, palepale ambapo msingi wa ukuta umekwisha kuachwa wazi. Nimeshaona ukuta wa namna hiyo ukilala chini usiku mmoja wa Aprili, na bahati njema ni kwamba ulikuwa usiku na njia ya nyuma haikuwa na mtu.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye gata. Weka gata kuzunguka paa lote, au angalau pande mbili zinazomwaga maji nyuma, na uyapeleke kwenye tangi. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5 za maji, kwa hiyo haliwekwi juu ya udongo uliojazwa juzi. Fundi alimwagie jukwaa la zege kwenye ardhi ngumu, ubavuni mwa nyumba, upande ule wenye mita 4 au 5 za nafasi. Hapo litakuwa juu kuliko bustani ya nyuma na maji yatashuka kwenye mpira yenyewe bila pampu. Mdomo wa tangi ufungwe wavu mwembamba. Mvua ya kwanza ya msimu uiache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, ndipo uanze kukinga.

Tangi litajaa, tena mapema. Bomba la kumwagia maji yanayozidi lisiishie hewani. Hapa wengi hupenda kuchimba shimo la kufyonza maji, nami huwa nakubali kwenye viwanja tambarare vyenye mchanga, kama vingi vya Kigamboni. Kwenye mteremko nakuwa mwangalifu, kwa sababu maji uliyoyazamisha juu ya ukuta yatausukuma ukuta kutoka nyuma yake. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni, kuna kipimo kidogo cha kufanya kwanza.

Sasa ule mteremko wenyewe. Sentimita 90 ndani ya mita 6 si mwingi wa kutisha, ila unatosha kuyapa maji nguvu ya kubeba udongo. Usijaribiwe kuleta malori ya kifusi na kusawazisha nyuma yote iwe bapa. Ukuta wako wa mpaka umejengwa kuzuia macho na wezi. Haukujengwa kuzuia udongo. Ukiuegemezea kifusi cha karibu mita nzima, nao ukilowa, hautasimama.

Fanya matuta ya ngazi. Mita 2 za kwanza kutoka nyumbani zishuke taratibu, sentimita 5 kwa kila mita, ili maji yasirudi kwenye msingi wa nyumba. Hapo jenga kikuta cha mawe cha sentimita 40. Chini yake pata kitanda cha bustani cha upana wa mita 2, karibu bapa. Kisha kikuta cha pili cha sentimita 40, na kitanda cha mwisho cha mita 2 hadi kwenye ukuta wa mpaka. Ukijumlisha 10, 40 na 40 umezipata zile 90, na ukuta wako haukuegemezwa chochote. Udongo unaochimbwa kwenye kitanda cha chini ndio unaojaza cha juu, hununui. Ile sehemu ya msingi iliyoachwa wazi irudishiwe udongo kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ishindiliwe kabla ya kuweka nyingine. Kwenye vikuta vya mawe waache matundu ya bomba la sentimita 5 kila baada ya mita 1.5, na nyuma ya matundu waweke kokoto, ili maji yatoke badala ya kusukuma. Vikuta vya kimo hiki fundi mzuri wa mawe anavimudu. Kama siku moja utahitaji kinachofika mita 1 au zaidi, muite mhandisi.

Kwenye kitanda cha chini, sentimita 50 kabla ya ukuta wa mpaka, uchimbwe mfereji mpana usio na kina kirefu, uelekee kwenye kona iliyo chini kabisa, na hapo utoboe tundu la kutolea maji kwenda kwenye mtaro wa mtaa. Mwambie fundi atumie ule mpira mwembamba wenye maji anaopimia usawa wakati wa kujenga, asikadirie kwa macho. Mteremko unadanganya macho, nami pamoja na miaka yangu kwenye kazi hii sijawahi kuuamini wa kwangu.

Kingo za vitanda zishikwe na mizizi. Nyasi ya vetiva ndiyo bingwa, mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3, na hupandwa mche kwa mche kwa sentimita 10 hadi 15 kwenye mstari unaokata mteremko. Usipoipata, mchaichai utafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo na chai utakunywa. Katikati ya vitanda weka matembele. Nayapenda kuliko maua yote kwa kazi hii: hufunika udongo ndani ya wiki chache, tone la mvua halipigi ardhi moja kwa moja, na jioni kuna mboga. Juu ya kitanda cha kwanza, karibu na dirisha la jikoni, weka mchicha, bamia na mrehani, vitu unavyovitaka mkononi wakati sufuria iko motoni.

Twende mbele, kwenye jua. Hapa naomba ufanye jambo moja kabla ya kununua mche. Saa 10 jioni, simama barazani ukitazama geti. Chukua mrunda mrefu wa mita 4, mpe mtu aushike wima umbali wa mita 4 kutoka dirisha la sebule, kisha asogee kushoto na kulia mpaka kivuli cha mrunda kiangukie dirishani. Tia alama hapo. Utaona kwamba jua halizami palepale mwaka mzima. Sasa, mwezi wa Juni, linazama likiwa limeegemea kaskazini, yaani mkono wako wa kulia ukiwa unatazama magharibi. Kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, linazama likiegemea kusini, mkono wako wa kushoto. Wewe unahitaji kivuli cha Januari, si cha Juni. Kwa hiyo mti upandwe hatua nne tano upande wa kushoto wa ile alama ya leo. Watu wengi hupanda katikati kabisa ya uwanja kwa ajili ya mpangilio mzuri, mti unakua vizuri, na kivuli chake kinaangukia ukuta wa jirani.

Mti gani? Mwembe uliobebeshwa. Huzaa mapema kuliko wa kokwa, na ukiupogoa tangu mdogo unabaki na kimo cha mita 4 au 5, kiasi hasa unachohitaji ili kuzuia jua la saa 10. Matawi ya chini usiyakate yote kwa haraka. Saa 11 na nusu jua limeshuka sana na ni majani ya chini yanayolizuia. Usiupande juu ya sehemu ya gari, utomvu na maembe yaliyoiva vitaharibu rangi ya gari na utauchukia bila kosa lake. Mwarobaini unakua haraka zaidi, lakini mita 7 za mbele ni chache kwake utakapokuwa mtu mzima. Mfikasi usiukaribishe kabisa. Niliwahi kuchimbua bomba la maji taka lililoziba kwenye nyumba ya mteja, na ndani yake mizizi ya mfikasi ilikuwa imejisuka kama mkia wa farasi, imejaza bomba lote. Mti wenyewe ulikuwa umbali wa zaidi ya mita 6.

Na miashoki, ambayo najua utashauriwa kuipanga mstari ukutani? Inapendeza, inasimama kama askari, ila kivuli chake ni chembamba kama yenyewe. Ukitaka mmoja au miwili kwa uzuri, sawa. Isikupe matumaini ya baridi.

Mwembe utahitaji miaka kadhaa. Wakati unaungojea, simamisha nguzo nne za mirunda mbele ya dirisha, uzifunge fito juu, na upandishe pasheni ya njano, ambayo inavumilia joto la pwani. Ndani ya mwaka utakuwa na paa la majani.

Nyasi zako za Pemba hazikuwa mbovu. Ulizipanda mwezi wa sita, masika ikiwa imekwisha, na vuli haikuja mpaka Oktoba. Pia nashuku kilicho chini yake. Chukua jembe uchimbe mahali zilipokufa kwanza. Kwenye nyumba mpya, mara nyingi ukifika sentimita 10 jembe linalia "ngee": ni pale mafundi walipochanganyia zege, tabaka ngumu ya saruji imelala chini ya udongo mzuri uliotandazwa juu ili mwenye nyumba apokee funguo. Mizizi inagonga hapo na kuishia hapo, na maji yanasimama juu yake yakipikwa na jua. Vunja tabaka hiyo, toa vipande, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha panda Machi mvua zinapoanza. Wala usipande kote. Mita za mraba 25 hadi 30 mahali watoto wanapocheza, panapoonekana kutoka jikoni au barazani, zinatosha. Nyasi ndizo zinazokunywa maji kuliko kitu chochote bustanini.

Pevingi nayo ina nafasi yake. Iweke palipo na miguu na magurudumu: sehemu ya gari, mita 3 kwa 6, njia ya kutoka getini hadi barazani, na sehemu ya kufulia na kuanikia nguo, ambayo ingekaa vizuri kwenye zile mita 2 za juu nyuma ya nyumba ambako jua la asubuhi linafika. Chini ya gari moramu ishindiliwe unene wa sentimita 15, juu yake mchanga sentimita 3 hadi 5, na kingo zishikwe kwa zege, vinginevyo vitofali vitaanza kutengana mwaka wa pili. Kwenye sehemu ya gari na njia, kila mita ishuke sentimita 2, kuelekea kwenye mimea, kamwe isielekee nyumbani. Ukipata nafasi, gusa pevingi ya jirani kwa kiganja saa 8 mchana, kisha uguse udongo chini ya mti wake. Joto hilo ndilo ambalo lingekuwa linaingia madirishani mwako hadi saa 3 usiku.

Sasa mama mkwe wako, na hapa naomba usipite haraka, maana kwenye michoro mingi ninayoletewa wazee hawamo kabisa. Mama yangu mzazi miaka yake ya mwisho alikuwa akishuka barazani kinyumenyume, mikono miwili imeshika nguzo, kwa sababu vidato vilikuwa na kimo cha sentimita 22. Nilikuwa nimechora bustani za watu wengi wakati huo, na cha nyumbani kwetu sikukiona mpaka siku nilipomkuta amekaa kwenye kidato cha katikati, amechoka, anangoja mtu apite. Tulivibomoa wiki ile ile. Kidato cha nje kisizidi sentimita 15 kwenda juu, na pa kukanyaga pawe na upana wa sentimita 35 au zaidi, unyayo wote ukae na fimbo ipate nafasi. Weka chuma cha kushikia upande mmoja angalau. Njia ya kutoka barazani iwe na upana wa mita 1.2, ili mtu aweze kutembea naye ubavuni amemshika mkono. Vitofali vyake visiwe vya kuteleza, na visiwe na mwanya unaonasa ncha ya fimbo. Njia hiyo iishie mahali: chini ya kivuli, penye benchi la kimo cha sentimita 45 hadi 50 lenye egemeo na mikono ya kujisukumia anaposimama. Kando ya benchi panda asumini, inanukia jioni anapokuwa amekaa. Muulize kwanza angependa kukaa akiangalia wapi. Wazee wengi wanataka kuona geti, wajue nani anaingia. Ukimwekea benchi linaloangalia maua na kuipa njia kisogo, hatalikalia.

Kwa ajili ya watoto, kama kuna minyaa kwenye mpaka wako, ing'oe ukiwa umevaa glavu. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya sana. Bogonvilia ipande mbali na njia kwa sababu ya miiba. Na visahani vya chini ya vyungu vya maua uvimwage angalau mara moja kwa wiki. Mbu anayeeneza dengue huzaliana kwenye maji machache yaliyosimama kama hayo, na Dar es Salaam tuliuguza watu wengi mwaka 2014 na tena 2019.

Kuhusu mpangilio wa fedha, fuata majira. Mwezi huu hadi Agosti ardhi ni kavu: gata, tangi, vikuta vya mawe na mfereji wa nyuma. Fedha zikiishia hapo, simama bila wasiwasi, uwanja utakuwa salama hata kama haujapendeza. Septemba chimba shimo la mwembe, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu uuweke kando na wa chini kando. Rudishia wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na debe moja au mawili ya samadi. Mvua za vuli zikianza, panda mwembe, vetiva na matembele. Vuli ina kigeugeu, hivyo uwe tayari kumwagilia: mche wa mti upewe ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kikombe cha kila siku kinalowesha juu tu na kufundisha mizizi kubaki juu. Zungushia matandazo ya nyasi kavu au majani unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yasiyo na sabuni nyingi yatakusaidia sana miezi ya kiangazi. Pevingi ya gari na njia ya mama mkwe, kama fedha zimerudi, fanya kabla ya Machi, kisha nyasi.

Nilikuahidi kile kipimo. Kwenye kitanda cha kwanza, chimba shimo la kina cha sentimita 30, upana wa ndoo. Jaza maji, yaache yanywewe yote. Jaza tena, simamisha kijiti, tia alama kwenye usawa wa maji, na uangalie baada ya saa moja. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo wako unakunywa vizuri: chimba kando ya kikuta cha juu mtaro wa kina cha sentimita 40, ujaze kokoto, uyaelekeze humo maji yanayozidi kwenye tangi, ili yatembee polepole kupita kwenye mizizi kabla hayajafika kwenye mfereji wa chini. Yakishuka pungufu ya hapo, au ukaamka asubuhi ukayakuta bado yamesimama, usizamishe chochote. Vuta bomba moja kwa moja kutoka kwenye tangi hadi kwenye tundu la kona, na ulifanye jambo hilo kabla ya vuli.